Ukiingia Kundi la Mashabiki wa Gemu: Namna ya Kuuliza, Kusambaza na Kulalamika

Anayepakua Bus Simulator Indonesia kwa mara ya kwanza hukuta mabasi ya Indonesia yakipita katika barabara za Indonesia, na pengine hujiuliza liko wapi lile basi la Dar es Salaam–Mwanza aliloliona kwenye simu ya rafiki yake. Halimo. Gemu hiyo, ambayo mashabiki huiita BUSSID, ilitolewa na kampuni ya Maleo mwaka 2017, nayo inamruhusu mchezaji kuingiza modeli ya gari aliyoiunda mwenyewe na kubuni skini, yaani rangi na michoro ya bodi. Kwa hiyo kila basi la Tanzania na kila matatu ya Nairobi unayoiona humo ni kazi ya shabiki fulani aliyekesha na simu au kompyuta yake bila kulipwa mshahara na mtu. Hata barabara zimetusaidia kidogo, kwa sababu Waindonesia huendesha upande wa kushoto kama sisi, na usukani unakaa pale pale tulipouzoea.

Nimeanza na jambo hilo kwa sababu karibu kila ugomvi nilioushuhudia katika makundi ya mashabiki wa gemu, yawe ya BUSSID, ya eFootball au ya Minecraft, ukiuchimba unakuta chini yake kuna kazi ya mtu iliyochukuliwa bila kuulizwa, muda wa mtu uliopotezwa, au jina la mtu lililochafuliwa bila ushahidi. Mwongozo huu ni wa mwanachama wa kawaida. Admini nao wana mambo yao, ila wakipata wanachama wanaojua kukaa na watu, kazi yao huwa nyepesi.

Kabla hujaandika neno

Ukishaingia, soma ujumbe uliobandikwa juu ya kundi, kwa sababu ndimo zilimo kanuni, viungo vya modi (faili za nyongeza ambazo mashabiki huzitengenezea gemu) na majibu ya maswali ambayo admini amechoka kuyajibu. Kisha kaa siku mbili tatu ukisoma tu. Kila kundi lina desturi zake ambazo hazikuandikwa popote: lipo ambalo stika na picha za kuchekesha huachiwa usiku tu, lipo ambalo ujumbe wa sauti unachukiwa kwa kuwa wengi wako kazini au darasani, na lipo ambalo video haitumwi kabisa kwa sababu simu za wanachama huzipakua zenyewe na bando la wiki huisha kabla ya Jumatano. Jambo hili la bando si dogo kwetu. Anayetuma video ya dakika saba kuonyesha kitu ambacho kingeonekana katika picha moja amewatoza watu mia mbili fedha bila ridhaa yao.

Fahamu pia wewe mwenyewe unaonekanaje. Katika kundi la WhatsApp, ambalo linaweza kubeba watu hadi 1,024, namba yako ya simu kwa kawaida iko wazi kwa kila aliyemo. Telegram inakuruhusu kuificha. Discord hutumia jina la akaunti, na haimpokei mtu aliye chini ya umri wa miaka 13. Mzazi anayempa mtoto simu ili acheze mabasi afikirie tofauti hiyo kabla mtoto hajabonyeza kiungo cha kujiunga. Kuichukua namba ya mwanachama kundini na kumfuata faragha bila kumwomba ruhusa ni kosa ambalo wanaume wengi hawalioni kuwa kosa. Wasichana wanaocheza gemu wanalijua vizuri: akiandika sentensi moja kuhusu gia au injini, kabla ya jioni ana jumbe tano za “mambo” kutoka namba asizozijua, na wiki inayofuata amejitoa, huku wanaume wa kundi wakishangaa kwa nini wasichana hawapendi mabasi.

Swali linalojibika

Swali baya ninalolikumbuka liliandikwa hivi: “Wakuu mbona haifunguki???” Lilikaa saa nne bila jibu. Mwulizaji akaandika kwamba kundi hilo lina roho mbaya, na hapo ndipo majibu yalipoanza kumiminika, ila si yale aliyoyataka.

Siku hiyo hiyo mwingine aliandika: “Habari za jioni, wakuu. Natumia simu ya RAM GB 3, Android 11. Nimeweka faili la modi kwenye folda ya Mods iliyo ndani ya folda ya BUSSID, nikazima gemu na kuiwasha tena, lakini basi halitokei gereji. Modi nyingine mbili zinafunguka vizuri. Picha ya folda hii hapa. Nimekosea wapi?” Dakika kumi hazikupita kabla ya mtu kumjibu: “Mkuu, faili lako bado limefungwa kwenye zip. Litoe kwanza.”

Wote wawili walikuwa na tatizo lile lile. Tofauti ni kwamba wa pili alimwonyesha msomaji kifaa anachotumia, hatua alizokwisha kuzichukua, kilichofanya kazi na kisichofanya kazi, hivyo aliyejua jibu hakulazimika kumhoji kama mpelelezi. Ukiandika swali lako kwa namna hiyo, mara nyingine utaliona kosa mwenyewe kabla hujalituma. Na ukishajibiwa, rudi useme kama limefanikiwa na kwa njia ipi, kwa sababu atakayekuja baada ya miezi mitatu na tatizo kama lako ataandika neno lile lile kwenye kisanduku cha kutafuta, na kitakachomsaidia ni ile sentensi yako ya mwisho. Kufuta swali baada ya kujibiwa, kwa aibu ya kuonekana hukujua, ni kumnyima mwenzako jibu ambalo wewe ulipewa bure.

Ukiuliza katika makundi ya Waindonesia wenyewe, ambako modi nyingi hutoka, tumia programu ya kutafsiri, andika sentensi fupi zisizo na misimu, na tanguliza salamu. Wao humwita mwanamume mtu mzima “om”, yaani mjomba, na ndiyo maana watoto waliokuwa wakisimama kando ya barabara wakiwaomba madereva wa mabasi wapige honi walipaza sauti “Om telolet om!”, maneno yaliyoenea mtandaoni duniani kote Desemba 2016 na ambayo honi yake imo ndani ya gemu. Mtu aliyelelewa kwa shikamoo hatahitaji kufundishwa zaidi ya hapo.

Kazi ya mtu

Hapa ndipo penye magomvi mengi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtengenezaji wa modi kwa kawaida haitumi kazi yake moja kwa moja. Huweka video YouTube, chini yake huweka kiungo kinachopita katika kurasa za matangazo, na nywila ya kufungulia faili huitaja ndani ya video. Wapo wanaoona huo ni usumbufu wa makusudi, na kweli unasumbua, lakini zile senti za matangazo na ile hesabu ya watazamaji ndiyo malipo pekee anayoyapata mtu aliyetumia wiki tatu kupanga basi dirisha kwa dirisha. Ukipakua faili, ukaliondolea nywila, kisha ukaliweka kundini “ili kuwarahisishia wadau”, umewarahisishia wadau kwa mfuko wa mwingine. Tuma kiungo cha mwenyewe pamoja na jina lake. Modi ya kulipia, ambayo wanunuzi huiuziana kwa siri nusu bei, haihitaji maelezo marefu: uliyenunua umenunua ya kwako, na hukununua haki ya kufungua duka.

Skini ina utata zaidi. Michoro huwa imebuniwa na mtu mmoja juu ya modeli iliyoundwa na mwingine, kwa hiyo unapoituma wataje wote wawili, na unapotaka kubadilisha rangi, kuongeza namba za usajili au kuweka jina la njia yako, mwandikie aliyebuni umwombe. Wengi hukubali siku hiyo hiyo, na wengine hukutumia faili lenye tabaka zake, yaani lile ambalo kila rangi na mchoro bado viko mbali mbali, ili usihangaike. Nembo za kampuni za mabasi nazo zina wenyewe. Kugawa bure skini yenye nembo ya kampuni kwa mapenzi ya basi lake ni jambo moja, kuiuza ni jambo jingine kabisa. Kuhusu faili za gemu nzima zilizofunguliwa na kufungwa upya na watu wasiojulikana, zile zinazoahidi pesa zisizokwisha ndani ya gemu, usizipakue na usizitume, maana hujui kilichowekwa ndani yake, na siku simu ya mdogo wako kundini itakapoanza kutuma jumbe zenyewe, jina litakalotajwa ni la aliyelileta faili.

Niliwahi kuibiwa mimi mwenyewe, na nilivyojibu ndivyo hasa usivyopaswa kujibu. Nilikuwa nimemaliza skini ya basi la mkoani baada ya kukesha siku tatu, nikaweka jina langu kwa herufi ndogo chini ya taa ya nyuma, upande wa kushoto. Siku mbili baadaye niliiona katika kundi jingine. Palipokuwa na jina langu pamepakwa mstatili wa buluu isiyolingana kabisa na buluu ya basi, na juu ya mstatili huo imeandikwa namba ya simu. Niliandika matusi, marefu, tena kwa herufi kubwa. Admini aliniondoa kabla sijamaliza, na alikuwa na haki. Baadaye nilikuja kujua kwamba aliyeituma kundini aliipokea ikiwa imekwisha kupakwa, wala hakujua ilikotoka.

Siku hizi nafanya hivi. Faili la kazi lenye tabaka zake zote silitoi kwa mtu nisiyemjua, kwa sababu mwizi huwa na picha iliyokwisha kubanwa tu, na tofauti hiyo ndiyo ushahidi wangu. Nikiiona kazi yangu mahali, namwandikia aliyeituma, kwa maneno machache, nikimuuliza ameipata wapi na kumwomba aweke jina. Wengi huomba radhi hapo hapo. Asiporekebisha, nampelekea admini picha mbili, ya faili langu na ya lile lililosambazwa, kisha namwachia aamue. Na iwapo wewe ndiye uliyekosea, kwa kujua au kwa kutojua, ondoa faili, weka jina la mwenyewe na omba radhi kwa sentensi moja. Maelezo ya aya nne kuhusu jinsi ulivyokuwa na nia njema huwafanya watu waanze kuyachunguza.

Utani na mipaka yake

Hakuna kundi la mashabiki lisilo na kambi. Kwenye mabasi wapo wa Scania na wapo wa Yutong. Kwenye mpira wapo wasioiacha eFootball, ambayo zamani iliitwa PES, na wapo waliohamia EA Sports FC baada ya jina la FIFA kuondolewa mwaka 2023. Sisi si wageni wa mambo hayo, kwani nchi yenye Simba na Yanga inajua watani wa jadi ni nini. Ila utani wa kweli una masharti: watani wanajuana, kila mmoja ana haki ya kurudisha, na hauvuki kwenda kwa mama wa mtu, kabila lake, dini yake au maumbile yake. Mgeni wa siku mbili hajawa mtani wako. Kipimo ninachokitumia ni kutazama kama mwenzangu anarudisha. Akinyamaza, au akijibu kwa alama moja ya kucheka na kupotea, utani umekwisha hapo na kinachofuata ni uonevu. Huko kuna sheria pia, maana uonevu wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018 inayogusa jambo hilo hilo. Kuchapisha kundini picha ya mtu, shule anayosoma au nyumbani kwao kwa sababu mmegombana kuhusu gemu hakuna utani ndani yake hata kidogo.

Unaposhuku kwamba mtu amechiti

Mfano mzuri wa namna ya kushughulikia tuhuma ulitokea kwa Minecraft. Oktoba 2020 mchezaji maarufu anayejiita Dream alicheza laivu akijaribu kuimaliza gemu hiyo, toleo la 1.16, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na bahati yake ikawatia shaka wasimamizi wa orodha ya rekodi, ambao ni mashabiki wa kujitolea. Walianza kuhesabu vitu viwili ambavyo gemu humpa mchezaji kwa bahati. Katika matangazo sita ya laivu aliua viumbe waitwao blaze 305 na kupata fimbo zao mara 211, ilhali uwezekano wa kuipata fimbo ni nusu kwa nusu. Alibadilishana dhahabu na viumbe waitwao piglin mara 262 na kupata lulu za ender mara 42, ilhali mtu wa bahati ya kawaida angezipata kama mara 12. Desemba 2020 walitoa ripoti ya kurasa 29 inayoonyesha hesabu zote na jinsi walivyojaribu kuiweka kila shaka upande wa mtuhumiwa, wakaiondoa rekodi. Alipinga vikali. Mwezi Mei 2021 alikiri kwamba gemu aliyoitumia ilikuwa imebadilishwa, akisema wakati ule hakujua.

Hutahitaji kurasa 29 kwenye ligi ya eFootball ya mtaani kwenu, lakini mpangilio ni ule ule. Mpinzani wako akikatika mtandao kila anapofungwa bao la pili, rekodi skrini, andika tarehe na matokeo ya mechi tatu au nne, mpe admini faragha, na jina la mtu lisitajwe kundini hadi asikilizwe. Mtandao wetu hukatika kweli, na umeme pia. Mechi moja haithibitishi kitu. Mechi nne zilizokatika zote dakika ambayo anafungwa zinaanza kusema.

Unapowakasirikia watengenezaji wa gemu

Mashabiki wana haki ya kulalamika, hasa walipolipa fedha. Studio ndogo ya Hello Games ya Guildford, Uingereza, ilipotangaza Mei 2016 kwamba gemu yake ya No Man's Sky itachelewa kwa wiki kadhaa, mkuu wake Sean Murray alieleza kuwa amepokea vitisho vya kuuawa. Gemu ilipotoka Agosti ikikosa baadhi ya mambo ambayo wachezaji waliyatarajia, hasira ikawa kubwa zaidi, na hasira hiyo ilikuwa na msingi. Vitisho havikuwa na msingi wowote. Studio ilinyamaza, ikafanya kazi, ikatoa nyongeza moja baada ya nyingine bila malipo, na mwaka 2019 mashabiki wakachangishana wakaweka bango la barabarani Guildford kuishukuru.

Mashabiki wa gemu ya Mass Effect 3 walikuwa wamepata njia ya kuchekesha zaidi mwaka 2012. Walilalamika kwamba mwisho wa hadithi unakupa uchaguzi wa rangi tatu usio na tofauti, wakachangia fedha wakaipelekea BioWare, studio iliyoitengeneza, keki ndogo kama 400 za rangi nyekundu, kijani na buluu, zote zenye ladha moja ya vanila. Walioletewa keki hizo walielewa hoja bila kutukanwa, na mwezi Juni studio ilitoa bure nyongeza iliyopanua mwisho ule.

Nasi tunaweza kuiga bila keki. Taja toleo la gemu, eleza ulichotarajia na ulichokipata, ambatisha picha, na peleka kwa akaunti ya studio au mahali walipopanga kupokea hitilafu. Usimfuate mfanyakazi kwenye ukurasa wake binafsi anapoweka picha ya harusi. Kuwashawishi wenzako wote waiponde gemu kwa nyota moja kwa sababu modi yako imeacha kufunguka baada ya sasisho ni kumwadhibu mtengenezaji kwa kosa ambalo huenda si lake.

Yaliyobaki ni mepesi. Usimwage mwisho wa hadithi mahali ambapo wengine bado wanacheza; andika kwanza kwamba unafichua, acha mistari mitupu, kisha sema. Kwenye msafara wa BUSSID, ambapo wachezaji kadhaa huendesha pamoja mtandaoni, mwache aliyefungua chumba aongoze, acha nafasi kati yako na basi la mbele, na usimgonge mtu kwa kusudi hata kama kwako ni kichekesho, maana mwenzako amesafiri dakika arobaini kutoka stendi kwa bando la kuunga.

Kuhusu kuondoka, kama umechoka unaweza kutoka kimya, wala si lazima kuandika hotuba ya kuwalaumu waliobaki. Ila kama una kazi zako kundini, waambie watu ziko wapi na wana ruhusa gani. Kijana mmoja aliyetutengenezea mabasi matano aliacha ujumbe huu, na admini ameubandika juu mpaka leo: “Ndugu zangu, chuo kimeanza. Faili zote tano ziko kwenye kiungo hiki pamoja na tabaka zake. Rekebisheni mtakavyo, msiuze, na jina la aliyenifundisha kutengeneza madirisha lisitolewe.”